Taksimu kwa Simu

Samahanini kwa kimya, zamu za usiku zimeniandama wiki tatu mfululizo. Wengi mmeuliza hali ya Baba, na wengine mmeuliza kama udi wake bado naupiga huku Bristol au nimeutundika ukutani. Nitajibu yote mawili pamoja.

Naupiga. Jumapili nisipokuwa kazini nakaa na wenzangu wawili, mmoja ana kinanda, tunapiga yanayotujia tu. Hapo ndipo nilipoharibika. Mnaoijua makamu ya Rasti mnajua sauti yake ya tatu imekaa baina ya sauti mbili za kinanda, kitufe chake hakuna. Kwenye udi kidole unakiweka utakapo, basi nikawa nakisogeza juu kidogo ili nilingane na mwenzangu. Heshima tu! Siku zikapita, kidole kikazoea.

Baba alinifunza hivi: taksimu anza na sauti nne za chini, usiende popote. Zizunguke, nyamaza, zizunguke tena, mpaka msikilizaji aanze kuitamani ya tano. Mimi na haraka zangu nilikuwa nishafika juu kabla chai yake haijapoa.

Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mkono wa kulia na maneno vimekwenda pamoja. Wodini nimewaona wengi wa namna hiyo: hawezi kutaja jina la mkewe, lakini wimbo anaumaliza. Ajabu, kwa baba yangu mwenyewe nilisahau kabisa, mpaka Ijumaa Mama alipomwekea simu kwenye mto nami sina la kusema. Nikachukua udi.

Sauti ya kwanza, ya pili... ya tatu, nikasikia "mm-mm". Nikarudia. "Mm-mm!" kwa ukali ule ule wa zamani. Kisha akaiimba mwenyewe, mdomo umefungwa, chini kidogo ya yangu. Nikashusha kidole. Akanyamaza. Nikazizunguka zile nne karibu robo saa, ya tano sikuthubutu kuigusa, na Mama huko analia na kucheka.

Basi mkipita nyumbani msimwamkie tu mkaondoka. Mwimbieni kitu. Mkikosea atawaambia!

Haya, naenda kulala, leo naingia saa moja usiku.