Mabakuli ya Makaburini Kunduchi

Akina mama wengi wa Kinondoni na Temeke hudhani mambo ya kale yako mbali, Olduvai au Kilwa. Sivyo, mama mwenzangu. Ukitoka Mwenge kwa Barabara ya Bagamoyo, shuka Mtongani, kisha elekea upande wa bahari. Hapo Kunduchi, penye mibuyu, pana magofu ya msikiti wa karne ya 16 na makaburi ya zamani.

Msikiti ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Makaburi kadhaa yana nguzo ndefu za mawe. Katika nguzo hizo mafundi walipachika mabakuli ya kauri kutoka China, yaliyofika pwani yetu kwa majahazi ya biashara wakati wa kaskazi. Ilikuwa njia ya kumpa marehemu heshima, na pia alama ya uwezo wa jamaa zake.

Je, bakuli lina faida gani kwa wataalamu? Huko China mapambo ya vyombo yalibadilika zama kwa zama, na zama hizo zinajulikana. Bakuli likiwa bado mahali pake, husaidia kukadiria umri wa kaburi, kwa maana nguzo haikujengwa kabla ya bakuli kufinyangwa.

Sisi wauguzi twaijua kadi ya kliniki. Ukichana ukurasa wenye tarehe za chanjo, mtoto yupo, lakini habari zake zimepotea. Ndivyo ilivyo Kunduchi. Mabakuli yameng'olewa, yakabaki mashimo ya mviringo. Aliyeng'oa alipata pambo la kabati. Sisi tumepoteza tarehe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lakini askari hawezi kukaa chini ya kila mbuyu. Mlinzi wa kwanza ni mama anayefundisha nyumbani. Wapeleke watoto Jumamosi moja, wakiwa na viatu na maji ya kunywa. Waambie wasipande juu ya makaburi wala wasiokote hata kigae. Waliolala pale ni Waislamu, wazee wa mji ule. Tuingie kwa adabu ile ile tunayoitaka kwenye makaburi ya wazazi wetu.

Na mtu akikuletea bakuli la kale akitaka ulinunue, usilipokee. Kwanza muulize amelitoa wapi.