Kivuli Hakidai Nauli

Dar es Salaam humchosha mtu masikio kabla ya miguu. Tangu alfajiri kila kitu kinakuita. Konda anataka uingie, ukishaingia anataka usogee nyuma, ukisogea anataka nauli. Bodaboda anakupigia honi kukuuliza kama unaenda. Kipaza sauti cha muuza nguo za mnadani kinarudia maneno yaleyale mpaka betri iishe. Simu nayo imebeba madeni ya kikoba, tangazo la mkopo wa haraka, na tapeli anayekuandikia "ile hela itume kwenye namba hii". Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa huu, na ikifika jioni unahisi wote wamekutaka jambo.

Katika wito wote huo, mti hauniitii chochote. Haunijui jina, haujali kama nimelipa kodi, haunipimi kwa viatu nilivyovaa. Miaka niliyokaa mjini imenifikisha hapo: tunapotafuta kijani cha mjini hatufuati uzuri peke yake. Tunatafuta mahali pa kukaa bila kudaiwa.

Wataalamu wana maelezo yao ya jambo hili. Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Marekani, waliandika katika kitabu chao cha 1989 kwamba umakini wa kujilazimisha, ule tunaoutumia kuhesabu chenji, kuvuka barabara au kusoma mkataba, una kikomo na huchoka. Majani yanayopepea, mawingu na mawimbi huyashika macho bila kuyashurutisha, na muda huo akili iliyokuwa kazini inapata likizo fupi. Miaka mitano kabla yao, mwaka 1984, mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wagonjwa 23 walilazwa kwenye vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na wengine 23, waliofanana nao kwa umri na hali, walitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Hakuna aliyewachumia jani wala kuwachemshia mzizi. Waliutazama mti tu.

Nikiwa katikati ya mji hupenda kupita Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 ili kujaribu mimea ya biashara. Kila mche uliingia pale ukitarajiwa kuleta faida. Leo ni kipande kidogo kilichozungukwa na ofisi na magari, na ninachokifuata pale ni kile ambacho waanzilishi wake hawakukiandika kwenye daftari: nusu saa isiyozalisha chochote. Mwanzoni mkono hukimbilia simu. Baadaye macho hupanda shinani kwenda juu, na mtu hugundua kwamba ameanza kuvuta pumzi hadi chini ya tumbo.

Miti pia imenirudishia kalenda. Mfanyakazi wa mjini ana tarehe mbili tu, ya mshahara na ya kodi, na siku zinazobaki ni kungoja moja na kuihofu nyingine. Mwembe una miezi yake. Unachanua wakati wa kipupwe, na kuelekea Krismasi embe zimejaa mikokoteni. Mkungu hugeuza majani yake kuwa mekundu, ukayaangusha, ukavaa mapya bila kumwarifu mtu. Mkrismasi unawaka Novemba na Desemba hata kama mwaka wako umekwenda kombo. Anayeyafuatilia mambo hayo hujifunza kwamba kupukutika ni msimu, na msimu una mwisho wake. Huo si ushauri wa kumpa mtu aliyefukuzwa kazi jana. Ni jambo ambalo mtu hulizoea polepole kwa kupita njia ileile na kutazama.

Uswahilini walijua zamani, bila kitabu, kwamba mti humtuliza mtu. Penye mwarobaini mkubwa utakuta benchi, fundi viatu, bao, na muuza kahawa mwenye kashata zake. Nimesikia pale maneno ambayo wanaume hawayasemi ndani ya nyumba. Mzee anasogeza kete, macho hayatoki kwenye bao, kisha anasema kama vile anazungumzia mvua: "Tangu mama watoto aondoke, mimi silali." Hakuna anayeshtuka. Mwenzake anajibu, "Pole, kaka," anacheza, na mazungumzo yanaanza. Nadhani siri iko kwenye namna ya kukaa. Ofisini na sebuleni tunakaa uso kwa uso, na uso wa mwenzako nao unadai: jibu, jieleze, jikaze. Chini ya mti watu wanakaa ubavu kwa ubavu wakitazama barabara, na lililokwama kooni linapata pa kutokea. Kivuli kinamsimamisha mtu. Akisimama, wenzake wanamkuta.

Sonona, hata hivyo, ni ugonjwa, na mgonjwa apelekwe hospitali kama anavyopelekwa mwenye malaria. Mti hauchukui nafasi ya daktari. Hata takwimu zinataka tahadhari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha karibu watu 20,000 wa England, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye mazingira ya asili walau dakika 120 kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wanaridhika na maisha. Inawezekana kabisa kwamba wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Lakini kuna jambo nililolipenda: haikujalisha kama dakika hizo zilitumika kwa mkupuo au zilikatwakatwa. Hiyo ni habari njema kwa mtu ambaye hana Jumapili nzima ya kwenda msitu wa Pugu, ila ana robo saa kabla ya kupanda daladala.

Tatizo ni kwamba vivuli havikugawanywa sawa. Wakoloni waliukata mji huu kwa rangi za watu: Wazungu wakapewa Oyster Bay na viwanja vyake vipana vya miti, Waafrika wakasukumwa Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili utenganishe makazi ya Waafrika na mtaa wa Wahindi. Eneo lililotengwa ili watu wasikutane sasa ni mahali pa kupumzikia wapita njia wa kila namna, na hilo hunifurahisha kila ninapokatiza pale. Ila ukienda Manzese au Tandale, utaona nyumba zimebanana mpaka mti hauna pa kuweka mguu. Kumwambia mkazi wa huko akatafute utulivu penye miti, bila kuuliza miti ilikwenda wapi, ni kumwongezea deni jingine.

Hata hivyo watu hawajakunja mikono. Tazama vibaraza vya nyumba za kupanga: ndoo ya rangi iliyopasuka imeoteshwa mchaichai, kopo la maziwa lina mrehani, beseni bovu limebeba mshubiri. Mama anayemwagilia asubuhi kabla ya kuwasha jiko hapambi nyumba tu. Anaanza siku na kiumbe ambacho hakimuulizi hela ya shule. Wapangaji wengi wangeweza kuanzia hapo, kwa kopo na udongo wa kuokoteza.

Mengine yako mikononi mwa wenye viwanja. Siku hizi mwembe wa mbele ya nyumba ukianguka, ujue fremu za maduka zinakuja. Mwenye nyumba anajua kodi atakayokusanya kila mwezi, na simlaumu. Ana watoto wa kusomesha. Lakini katika hesabu yake hayumo fundi viatu atakayekosa pa kukaa, hayumo mzee asiyelala, na hayumo yeye mwenyewe atakapostaafu na kuhitaji mahali pa kuburuta kiti saa kumi jioni. Baba mwenye nyumba akiniomba ushauri nitamwambia ajenge fremu mbili badala ya tatu, na mwembe aubakishe.