Nilivyoacha Kulipia Makosa ya Watu Maegeshoni

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kuomba msamaha kabla sijashuka kwenye gari. Nikisikia kishindo tu, iwe nimegonga au nimegongwa, ulimi ulishatamka "samahani kaka" kabla macho hayajaona kilichotokea. Ndivyo nilivyolelewa: mwanamke mwenye heshima zake hagombani hadharani. Lakini kwenye maegesho ya Dar es Salaam heshima hiyo ina bei. Mkigongana, baraza linakaa palepale: mlinzi, muuza maji, kijana anayeosha magari, na mpita njia asiyejua hata usukani unashikwaje. Hukumu inatoka na ushahidi haujaguswa. "Dada, mpe hata laki mmalizane, jua lenyewe kali hili." Nami nilikuwa natoa.

Nashuhudia leo kwamba nimeacha.

Aliyenigeuza ni fundi bodi mmoja wa Tabata, mzee mwenye maneno machache. Nilimpelekea IST yangu ikiwa imekwanguliwa ubavu wa kushoto, kuanzia gurudumu la nyuma hadi mlango wa mbele. Mwenye gari lililonikwangua alikuwa amedai yeye alisimama, mimi ndiye niliyempitia kwa pupa. Alipaza sauti, watu wakamuunga mkono, nikampa laki na nusu ya bampa lake. Mzee akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo, kisha akakiacha kwenye rimu kwa muda.

"Mama, ulikuwa unatembea au umesimama?"

"Nilisimama, mzee. Nilikuwa nasubiri gari la mbele lipaki."

"Najua. Nilitaka nisikie utasemaje."

Akaniita nichuchumae naye. Kwenye rimu palikuwa na mstari mmoja mweupe, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Gurudumu linalozunguka, akaniambia, likikwaruzwa linachorwa tao, kwa sababu lenyewe linageuka huku linaguswa. Mstari ulionyooka maana yake gurudumu lilitulia. Halafu akanionyesha mlangoni: rangi iliyobanduka ilikuwa imesukumwa na kurundikana upande wa mbele wa mkwaruzo. Kilichonikwangua kilitoka nyuma kwenda mbele. Ningekuwa mimi ndiye ninayepita na mwenzangu amesimama, mkwaruzo ungeanzia mbele kurudi nyuma. Yule bwana alikuwa anatoka kwenye nafasi yake, akakata kona mapema, akanibeba ubavu.

Fedha ilishakwenda, lakini siku ile niliondoka gereji na kitu ambacho baraza la maegeshoni halikuwahi kunipa: njia ya kujua. Nikaanza kuuliza, kwa mafundi, kwa askari wa usalama barabarani, na kwa shemeji yangu ambaye ni wakili. Nikagundua kwamba maegesho, pamoja na vurugu zake zote, yana utaratibu, na swali la kwanza siku zote ni nani alikuwa na haki ya njia.

Anayetoka kwenye nafasi ya kuegesha anampisha anayepita kwenye njia. Anayerudi nyuma ana mzigo mkubwa zaidi wa kuangalia, kwa kuwa anakwenda asikoona vizuri. Anayetoka kwenye kinjia cha katikati ya magari anampisha aliye kwenye njia kubwa inayoelekea getini. Afunguaye mlango na kumpiga anayepita, mlango ni wake na kosa ni lake. Na gari lililoegeshwa sawasawa halina la kujibu.

Hata hivyo, haki ya njia haimpi mtu ruhusa ya kufumba macho. Anayekatiza mbio kwenye nafasi tupu kufupisha safari, akamkuta mtu anarudi nyuma polepole, atabeba sehemu ya lawama au hata lawama yote. Kuwasha hazadi katikati ya njia hakugeuzi njia kuwa nafasi ya kupaki. Hata lile bango la kusema kila mtu aegeshe kwa dhamana yake ni habari ya mwenye eneo na wewe. Halimsafishi dereva aliyekugonga.

Nilipomuuliza shemeji kuhusu gari lililoegeshwa vibaya, alicheka akanisimulia kesi ya punda. Uingereza, mwaka 1842, katika shauri la Davies dhidi ya Mann, mtu alimfunga punda wake miguu ya mbele akamwacha barabarani. Gari la kukokotwa na farasi likaja kasi, likampitia. Mwenye gari akasema, punda hakupaswa kuwa pale. Mahakama ikamjibu kwamba angeendesha kwa uangalifu angeweza kumkwepa, kwa hiyo alipe. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1945, Waingereza wakaweka wazi kwamba lawama inaweza kugawanywa kwa kadiri ya uzembe wa kila mmoja. Misingi ya sheria zao ilipokelewa Tanganyika mwaka 1920, ndiyo maana punda yule anafika mpaka kwetu. Aliyepaki nje ya mstari amekosea, lakini gari lake halijawa halali ya kugongwa.

Elimu hiyo ilipata kazi kwenye ukumbi mmoja wa harusi, usiku, watu wakitawanyika. Wajomba wawili wa bibi harusi, waliokuwa wamepaki wakipeana migongo, walirudi nyuma kwa wakati mmoja, buti kwa buti. Kila mmoja anaapa mwenzake ndiye aliyemfuata. Nikawaomba wasisogeze magari kwanza. Nikamulika chini kwa simu: vipande vya taa na tope kavu lililodondoka kutoka chini ya mabampa vilikuwa katikati kabisa ya njia. Wote wawili walikuwa wametoka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haki ya njia dhidi ya mwenzake. "Wajomba zangu, hapa lawama ni nusu kwa nusu," nikasema. Wakanung'unika, wakapeana mikono, kila mmoja akatengeneza lake. Mwaka uliotangulia ningekuwa wa kwanza kumshauri yule mwenye gari bovu amlipe mwenye gari zuri.

Siku hizi nikigongwa nafanya mambo kwa mpangilio. Nasalimia, nauliza kama kuna aliyeumia, kisha nanyamaza kuhusu kosa. Napiga picha ya mbali kabla gari lolote halijasogea, ionekane mistari, njia na mageti. Halafu magurudumu yameelekea wapi. Halafu mikwaruzo kwa karibu. Nachukua namba za magari, leseni, taarifa za bima na simu za walioona. Kama kuna kamera, naomba siku hiyohiyo picha zihifadhiwe, maana mashine nyingi hufuta za zamani ili kurekodi mpya. Tusipoelewana, namwita trafiki achore ramani ya tukio. Bila ripoti ya polisi, ile PF 90, kampuni ya bima haina cha kushika.

Kuna jambo la bima ambalo ningependa kila mwenye gari alijue. Mikataba mingi inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Kwa hiyo zile "samahani, nitalipa" zangu za zamani zingeweza kunikosesha madai halali, hata nikiwa na bima kubwa. Na mwenye bima ndogo ajue kwamba bima hiyo humlipa aliyegongwa naye. Gari lake mwenyewe hailigusi. Akikubali kosa lisilo lake, matengenezo yote yanamwangukia.

Sijawa mkali, na wanaonijua watasema sauti yangu ni ileile ya chini. Tofauti ni kwamba baraza likianza kupanga bei, nawaomba tuchuchumae wote tuangalie rimu, na mara nyingi anayepiga kelele ndiye wa kwanza kusimama. Ile laki na nusu haikurudi, wala sikuifuata. Zilizofuata zimebaki kwenye pochi yangu.