Mbuzi Alisingiziwa: Kamera, Rimoti na Sota

Leo nakueleza kosa langu mwenyewe.

Mama mmoja hapa Kaniha aliniita kuangalia maharage yake. Kila asubuhi alikuta miche imekatwa usawa wa udongo. Alikwisha mfunga mbuzi wa jirani na kudai fidia. Nilimwambia mbuzi hakati mche akaacha majani yamelala pale pale. Huyo ni sota, kiwavi anayekata miche usiku. Hakukubali. "Bwana shamba, nionyeshe."

Nikaazima kamera ya mdogo wangu anayepiga picha za harusi, na rimoti yake yenye taimu. Saa kumi na mbili na nusu jioni niliisimamisha kwenye stendi, flashi imewashwa, ipige kila dakika kumi. Asubuhi, mbele ya mama na jirani, nilikuta picha tatu tu, zote za kabla ya giza. Jirani aliondoka bila kuaga.

Kosa ni kwamba niliacha lenzi kwenye AF, yaani kamera ijilenge yenyewe kila inapopiga. Rimoti ilibonyeza kwa wakati wake, lakini gizani kamera haikuona cha kulenga, ikagoma.

Jioni iliyofuata nilifanya hivi:

1. Mwanga ukiwepo, nililenga shina la mche kwa AF, nikabonyeza kitufe nusu mpaka picha ikatulia.
2. Nikahamisha swichi ya lenzi kwenda MF. Baada ya hapo sikugusa lenzi wala stendi.
3. Nikapiga picha ya majaribio, nikaikuza kwenye kioo kuhakikisha shina linaonekana vizuri.
4. Nikaweka betri iliyojaa, ndipo nikawasha taimu.

Asubuhi picha za usiku mzima zilikuwepo. Katika mbili, kiwavi amejikunja kwenye shina. Tukafukua kwa vidole kando ya mche uliokatwa, tukamtoa amejiviringa udongoni. Mbuzi alifunguliwa siku hiyo hiyo.

Ndugu mkulima, kumjua sota hakuhitaji kamera. Fukua asubuhi na mapema kando ya mche uliokatwa, umuue. Msimu ujao lima wiki mbili au tatu kabla ya kupanda na uondoe magugu, jua na ndege wapunguze viwavi. Kamera niliihitaji kwa sababu majirani wawili walikuwa wameacha kusalimiana. Kabla hujafunga mbuzi wa mwenzio, fukua kwanza.