Daftari la Gombe

Wapenzi wa fasihi tukiulizwa ni kazi gani ndefu kuliko zote iliyoandikwa kwa Kiswahili, tutaanza kutaja tenzi na riwaya. Siku hizi mimi huongeza kazi moja ambayo haiuzwi dukani wala haina mwandishi mmoja. Iko Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, na wahusika wake ni sokwe. Kwa miaka mingi sasa wafanyakazi wa utafiti, wengi wao wenyeji wa vijiji vya jirani, wamekuwa wakiwafuata msituni tangu wanapoamka mpaka wanapojenga viota vya kulalia, wakiandika kwa Kiswahili wanachokiona. Nani yuko na nani. Nani kala nini. Nani kampiga nani. Hakuna sifa wala mafumbo. Ni saa, jina na tendo, basi.

Habari za Jane Goodall wengi mnazijua: alifika hapo 14 Julai 1960, binti wa miaka 26, akiwa na mama yake, Vanne. Miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wakimkimbia, naye akakaa juu kilimani na darubini yake, akingoja. Kipande kisichosimuliwa sana ni cha Mei 1975. Waasi kutoka Zaire, ng'ambo ya ziwa, waliwateka vijana wanne wa utafiti, na wageni wakaondolewa Gombe. Waliobaki wakiandika kila siku ni Watanzania, watu kama Hilali Matama. Kazi haikukatika kwa sababu yao.

Mimi mambo haya sikuyapata kitabuni. Niliyapata kwa msiba.

Kwetu ni Kasulu, juu milimani, kwenye baridi na maharage na ndizi. Ziwa Tanganyika tunalijua kwa migebuka na dagaa wanaopanda na magari kutoka Kigoma. Gombe tuliiona kama kitu cha wageni wenye kofia kubwa. Mwaka ule mama yetu alifariki mwezi wa pili, na mdogo wangu, kitinda mimba, miaka 17, akaacha shule na kuacha kuongea. Hakugombana na mtu. Ukimsemesha anaitika, "Ndiyo, dada," halafu anarudi kulala. Shangazi alishauri maombi, mjomba akashauri fimbo. Mimi nilikuwa na maswali tu. Umekula? Unawaza nini? Shule unarudi lini? Kila swali lilimrudisha ndani kama kobe.

Mwezi wa saba nikamwambia, twende tukaone sokwe. Akaitika, "Ndiyo, dada."

Kibirizi tulipanda boti ya abiria wanaorudi vijiji vya kaskazini: magunia, magodoro, kreti za soda, na mama mmoja aliyepakata kuku njia nzima. Hifadhi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba zipatazo 52, ukanda wa vilima vilivyosimama wima juu ya maji. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968. Mwongozaji wetu alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya chini. Alitupa masharti: hatuzidi watu sita, tukiwapata tutakaa nao saa moja tu, tusiwasogelee, barakoa usoni. Akaeleza kwa nini. Maradhi yetu yanawaua. Mwaka 1966 palikuwa na polio, na 1987 homa ya mapafu.

Tulipanda bonde la Kakombe karibu saa mbili. Nilitegemea kelele na vurugu kama za kwenye filamu. Tulichokikuta ni mama mmoja amekaa chini ya mti, anamchambua manyoya mwanawe mkubwa, taratibu, kama mtu anayechagua mchele. Dakika kumi, ishirini. Hakuna kilichotokea. Nikahisi hamu ya kuuliza kitu, chochote, ili tu pawe na maneno. Mzee alikuwa ametulia anatazama, wala hakuonekana kuchoka.

Aliyeuliza ni mdogo wangu.

"Mzee, samahani. Mama yake akifa, huyu inakuwaje?"

Nikaganda. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote niliyomsikia tangu tuzike.

"Inategemea, mwanangu," mzee akasema, na wala hakumgeukia. Akatueleza habari za Flo, mama maarufu wa Gombe, aliyekufa 1972. Alimwacha Flint, mtoto wa miaka minane hivi. Kwa umri ule Flint aliweza kujitafutia chakula. Lakini alikataa kula, akajitenga, na kabla mwezi haujaisha naye akafa. Halafu akatueleza habari za Mel. Ile homa ya 1987 ilimchukua mama yake akiwa na miaka mitatu tu. Hakuwa na dada wala kaka wa kumbeba. Aliyembeba ni Spindle, dume kijana wa miaka 12, si ndugu yake, ambaye na yeye mama yake alikufa katika maradhi yale yale. Akagawana naye chakula. Usiku akamruhusu kuingia kwenye kiota chake. Mel akapona.

"Kwa hiyo alimfariji," nikasema.

Mzee akafikiri kidogo. "Mambo ya kufariji sijui, dada. Imeandikwa alimbeba."

Sentensi hiyo nimeishi nayo kuliko nyingi nilizosoma. Sisi wa vitabu tunapenda kuingia moyoni mwa mhusika na kutangaza kilichomo. Wale wa Gombe wamefunzwa kubaki nje ya moyo na kuangalia mikono. Ukiangalia kwa muda wa kutosha, mikono inasema.

Niliporudi Kasulu nilinunua daftari la kurasa 96. Maswali nikayaweka pembeni. Jioni, baada ya kuosha vyombo, nikawa naandika: *Saa 2 asubuhi, ametoka nje. Amekaa juani. Saa 7, amekula ugali nusu. Saa 10, amemsaidia jirani kufunga mbuzi.* Baada ya wiki mbili niliona jambo ambalo kwa macho ya kila siku lisingeonekana: kila siku alikuwa anakaa nje muda mrefu kidogo kuliko jana. Nikaanza kukaa naye pale juani, nikichambua maharage, bila neno. Siku nyingine alichukua ungo mwingine.

Daftari sikulificha, lilikaa mezani. Mwezi wa tisa nikalifungua niandike, nikakuta mwandiko usio wangu, wa herufi zilizolala:

*Dada. Saa 5 usiku, bado hajalala. Amekaa jikoni na kanga ya mama. Saa 6, bado.*

Kumbe na mimi nilikuwa natazamwa. Tangu msiba ule kila mtu aliniona jasiri, mkubwa wa nyumba, na mimi mwenyewe niliamini hivyo. Kijana ambaye sote tulidhani haoni kitu ndiye aliyekuwa na kumbukumbu sahihi. Usiku ule nililia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, naye akakaa mlangoni mpaka nilipomaliza. Hakusema kitu, na mimi sikutaka aseme.

Januari alirudi kidato cha tatu, amekaririshwa mwaka, na hakulalamika. Kama ni kwa ajili ya sokwe, au daftari, au muda tu, siwezi kusema. Naweza kusema alifunga begi mwenyewe, saa 12 na nusu asubuhi, akanywa chai vikombe viwili, akaondoka kwa miguu.