Mastiki gani kwa motokari ndogo?

Hakika umekwisha kuona mtoto wa mtaani kwako anasukuma motokari ya waya, na magurudumu ya vifuniko vya chupa, na fimbo ndefu ya kuiongoza. Sisi watoto wa Likasi tulikuwaka tunazitengeneza sisi wenyewe, na yule asiyejua kupinda waya hakuwa na rafiki wengi. Leo nataka kuongea nawe juu ya ndugu ya ile motokari: maketi ya plastiki, ile inayokuja vipande vipande ndani ya sanduku, mtu anaiunganisha kwa gundi. Na zaidi nataka kuongea juu ya mastiki, ile dawa nzito ya kujazia mashimo na kubadilisha umbo la motokari. Watu wengi wanaharibu kazi yao pale. Mimi pia niliharibu.

Utasema: mwalimu mzima, baba ya watoto, anacheza na motokari? Ngoja kwanza nikuelezee.

Baba yangu alikuwa tolie, fundi wa mabati ya motokari, ku garaji ya kampani. Alikuwa na Volkswagen yake, ile ya mgongo kama kobe, na hakuiacha vile ilivyotoka kiwandani. Aliondoa pareshoki, akaziba matundu ya taa ndogo za mbele, akatanua vifuniko vya magurudumu ya nyuma ili kuingiza magurudumu mapana, juu ya matope ya wakati wa mvua. Mtaa wote uliijua. Mwaka 1994, mishahara ilipokuwa haifiki tena, akaiuza. Tukala unga wake, tukalipa masomo nayo. Baba hakuongea tena juu ya ile motokari.

Mwaka 2012 dada yangu wa Bruxelles akaniletea sanduku moja: Volkswagen 1300 ya mwaka 1966, maketi ya Tamiya, kipimo 1/24. Nikafikiri papo hapo: nitaitengeneza sawa ile ya baba. Wakati ule macho ya baba yalikuwa yamekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, alikuwa anaona mwanga tu na kivuli. Nilitaka kuimaliza mbio, mbele hata mwanga haujaisha.

Sasa sikia hesabu, sababu yote inatoka pale. Kipimo 1/24 maana yake milimita moja ku maketi ni milimita 24 ku motokari ya kweli. Volkswagen yenye mita nne na kidogo inakuwa na sentimita 17 tu. Basi ukiacha shimo la nusu milimita, ni sawa fundi ameacha ku mlango wa motokari ya kweli shimo la milimita 12. Hakuna mteja atakayelipa.

Ndani ya sanduku dada alikuwa ameweka tyubu ya mastiki ya kijivu, ile ya sehemu moja tu, inayotoka kama dawa ya meno. Nikafurahi. Nikaipaka nene juu ya vifuniko vya magurudumu ya nyuma ili kuvitanua, karibu milimita nne kwa mara moja. Kisha siku mbili nikasugua, ikawa nzuri sana. Nikaiweka juu ya kabati. Kisha juma mbili nikaitazama tena: mastiki imenywea, imepasuka ufa katikati, na plastiki ya chini yake imekuwa laini na kupinda kidogo kama ngozi iliyokauka vibaya.

Nilipeleka ile aibu kwa baba. Hakuiona, aliinusa.

“Hii inakauka na hewa,” akasema. “Ile dawa inayonuka njo inatoka. Ikitoka, kile kinachobaki kinakuwa kidogo. Namna gani we unaweka mingi vile?”

Ni vile kabisa. Mastiki ya tyubu imechanganywa na maji makali, mara nyingi tolueni au ndugu zake. Yale maji yakiruka hewani, mastiki inapungua. Na yale maji makali ndiyo yanayoyeyusha plastiki ya maketi, ile inayoitwa polistireni. Ukipaka nyembamba, ile kuyeyusha ni faida, juu inashika nguvu. Ukipaka nene, inakula motokari yako. Basi tyubu ni ya mikwaruzo, ya alama ndogo, ya ule mstari mwembamba pale vipande viwili vinapokutana. Paka nyembamba, ngoja siku nzima, paka tena. Kutanua umbo, hapana.

Nikaenda ku garaji moja ya rafiki wa baba, nikaomba mastiki yao, ya mkebe. Ile ni poliesta, inakuja na tyubu ndogo ya dawa ya kugandisha. Yenyewe haikauki kwa hewa. Inaganda kwa sababu zile dawa mbili zinapigana ndani yake na kutoa joto. Kwa hiyo hata ukiweka nene kidogo, inaganda mpaka katikati, na inapungua kidogo tu. Ni nzuri, tena ni ya bei rahisi, na huku kwetu inapatikana ku kila duka la vipande vya motokari. Lakini mimi, juu ya haraka, nikaweka dawa ya kugandisha nyingi. Ilikuwa nyekundu kama nyama. Kabla sijamaliza kuipaka, imeganda ku kisu, ikatoka mabonge mabonge, na ndani yake matundu madogo kama ya mkate.

Kipimo ni karibu gramu mbili za dawa kwa gramu 100 za mastiki. Kwa maketi unachanganya kidogo sana, kadiri ya njegere moja, basi dawa yake ni kama kichwa cha kiberiti, si zaidi. Changanya mpaka rangi iwe moja, bila mistari. Uko na dakika chache tu za kuipaka, basi tayarisha kila kitu mbele. Usipake nene juu ya plastiki nyembamba, sababu lile joto, na ile stirene inayonuka ndani yake, vinaweza kupinda plastiki vilevile.

Pale baba alinipa neno ambalo nalishika mpaka leo kwa kila maketi. Aliniuliza: “Chini ya ile mastiki kuko nini?”

Nikasema: hakuna kitu, mastiki tu.

“Njo makosa yako. Mastiki haiko bati. Umbo unalifanya na bati, mastiki ni ya kufunika alama ya nyundo tu.”

Alinieleza kwamba alipoanza kazi, wazee hawakuwa na poliesta. Walijaza kwa risasi na bati nyeupe iliyoyeyushwa, ile etain ambayo ndugu zetu wa Manono wanaijua, wakaitandika juu ya mabati ya moto kwa kibao cha mti, kisha wakaipunguza kwa tupa. Ilikuwa nzito na ya bei, basi fundi alijifunza kupiga mabati yake sawasawa ili atumie kidogo. Nimesoma baadaye kwamba hata kule California mafundi wa motokari za kubadilishwa walifanya vile. Ndugu wawili Sam na George Barris, walipotengeneza ile Mercury ya 1951 ya Bob Hirohata, walikata paa na kuishusha, wakajaza kwa risasi. Motokari za namna ile ndizo zilizofanya vijana wa Marekani kupenda kubadilisha maketi. Kiwanda cha AMT kilianza mwaka 1958 kuweka ndani ya sanduku moja vipande vya kutengeneza motokari kwa namna tatu.

Basi nikatafuta bati langu. Ile fremu ya plastiki inayobaki ukikwisha kukata vipande, usiitupe! Ni plastiki ileile ya motokari. Nilikata vijiti vyake, nikavigundisha juu ya vifuniko vya magurudumu kama mbavu, nikapata ule upana. Kifuniko cha sanduku la CD pia kinasaidia, ni polistireni, lakini kinavunjika mbio. Tena kuko mayele ya mtu asiye na pesa: katakata ile fremu vipande vidogo sana, tia ndani ya chupa ya gundi ya maji ya maketi, acha usiku mmoja. Asubuhi utakuta uji mzito wa plastiki. Ule uji unajaza pengo na kushikana kabisa na motokari. Nao unapungua, basi ungoje siku kadhaa mbele ya kusugua.

Katikati ya zile mbavu nilijaza epoksi. Hii ndiyo mastiki ya tatu, na kwa kuchonga umbo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Yangu ilikuwa Milliput, inatoka Wales: vijiti viwili, unakata kadiri sawa kwa sawa, unakanda kwa vidole kama bukari mpaka rangi inakuwa moja. Haina yale maji makali, haiyeyushi plastiki, haipungui. Unalowesha kidole kwa maji, unailainisha kama mfinyanzi. Unayo saa nzima ya kufikiri, na kwa mtu wa haraka kama mimi, ile ni rehema. Kisha saa tatu au nne inakuwa ngumu. Mimi nangoja mpaka kesho yake. Kasoro yake ni hii: inakuwa ngumu kuliko plastiki ya pembeni, basi ukisugua ovyo, unakula plastiki na epoksi inabaki juu kama kilima. Weka karatasi ya kusugulia juu ya kibao kidogo, usitumie kidole. Ku kenkayeri wanauza epoksi ya mafundi wa bomba. Inaganda mbio zaidi na ina chembechembe, lakini kwa ndani, pasipoonekana, inatosha.

Nitapita haraka juu ya zingine. Kuko mastiki za maji, hazinuki, unapangusa kwa kidole kilicholowa. Ni za mapengo madogo, na mtoto anaweza kuzitumia. Gundi ile inayoshika mara moja, ukiinyunyizia bikaboneti, inajaza tundu dogo papo hapo; sugua upesi, sababu kesho itakuwa jiwe. Yale matundu ya taa za mbele niliyaziba hivi.

Wewe mama unayesoma hii, usimwache kijana kufanya kazi ya poliesta au ya tyubu ndani ya chumba ambamo watoto wanalala. Afanye inje, chini ya mwembe kama mimi. Mafusho yake yanaumiza kichwa na yanadhuru mwili. Vumbi ya kusugua haifai kuingia kifuani. Wazee wetu wa mgodi wanajua vumbi inafanya nini. Kwa hiyo afunge pua kwa barakoa, na asugue kwa maji. Baba alinikataza maji: “Mastiki inakunywa maji, bati inaoza.” Ni kweli kwa motokari ya kweli. Plastiki haiozi, basi maji ni mazuri, ila acha mastiki ikauke kabisa mbele ya rangi.

Nilianza na karatasi ya 240, nikaenda ku 400, kisha 600. Nikapuliza apre, ile rangi ya kwanza ya kijivu, sababu ndiyo inayoonyesha kila kosa ambalo jicho halikuona. Nikaona mistari, nikarudi ku tyubu kwa mikwaruzo, nikapuliza tena. Nikaridhika.

Nikampelekea baba. Alikuwa amekaa ku baraza. Akaomba kitambaa chembamba, akakiweka chini ya vidole, vile tolie wanavyofanya, juu kidole kikavu kinashikwa ku rangi, lakini chini ya kitambaa kinateleza na kusikia kila wimbi. Akaanza mbele. Akatafuta matundu ya taa, hakuyapata. Akatafuta pareshoki. Akacheka kidogo. Alipofika nyuma akarudia mara tatu, kuume, kushoto, kuume.

“Ku kushoto uliweka mingi.”

Nikapima. Nusu milimita. Nilikuwa nimeitazama mwezi mzima kwa macho yangu mazima.

Nikasugua tena siku mbili, nikamrudishia. Akaishika muda mrefu juu ya magoti, bila kusema. Kisha akasema sasa nipake rangi, ile yake, ya kijani kama sombe. Mama, ndani ya jikoni, akapaza sauti kwamba ile motokari haikuwaka ya kijani hata siku moja, ilikuwa ya buluu. Picha iliyobaki haina rangi, ni nyeusi na nyeupe tu. Wakabishana mpaka usiku. Maketi iko pale juu ya kabati, na apre yake ya kijivu.