Yule dada aliyepotea Insta, na nondo aliyekumbuka harufu

Kuna dada mmoja wa hapa hapa mjini, wengi wenu mlikuwa mnamfuata. Jina silitaji, na ukimtaja kwenye komenti nafuta. Alikuwa hakosi shughuli, leo uzinduzi, kesho sendoff. Halafu ghafla kimya. Miezi kumi na moja hajaposti hata kikombe cha chai. Mkaanza: amefulia, ana mimba ya mume wa mtu, anaumwa.

Alikuwa chumba cha uani kwa shangazi yake. Alimkimbia mwanaume aliyekuwa anampiga. Ameniruhusu niandike hilo tu, mengine hapana.

Juzi karudi na picha moja, nywele kanyoa, komenti zikajaa vipepeo. Kipepeo huku, kipepeo kule. Sasa wadau, hivi tunajua kinachotokea mle ndani ya pupa? Maana tunaongea kama vile mdudu kaingia saluni!

Kiukweli kule ndani hakuna kupumzika. Kiwavi anajimeng'enya mwenyewe. Misuli ya kutambalia inavunjwa, sehemu kubwa ya mwili inageuka kama uji. Ila sio kila kitu kinayeyuka. Tangu akiwa kiwavi anatembea na vikundi vidogo vya seli vilivyokaa kimya, hivi vya mabawa, hivi vya miguu, hivi vya macho. Hivyo ndivyo vinaamka, na chakula chao ni ule ule mwili uliovunjwa. Muda wote huo hali, hakimbii. (Kiswahili nacho kina vituko: pupa ni haraka ya mlafi, na pupa ndiye huyu asiyekula wala kwenda popote.) Kule Gede, pwani ya Kenya, kuna mradi unaitwa Kipepeo, tangu 1993 unanunua pupa kwa wanakijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na kuwasafirisha Ulaya na Marekani. Hapo ndipo anaposafirishika, hadai hata jani.

Lakini kilichonikalisha chini ni kingine. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walichukua viwavi wa nondo anayeshambulia tumbaku. Wakawanusisha harufu fulani huku wakiwapiga shoti ndogo ya umeme, mpaka viwavi wakawa wanaikimbia harufu yenyewe. Wakaachwa wakawa pupa, wakatoka nondo, mwili mpya na mabawa juu. Wakanusishwa tena. Wale waliofundishwa katika hatua ya mwisho ya ukiwavi, wengi wao wakaikwepa. Waliofundishwa wakiwa wadogo zaidi hawakukumbuka.

Yaani uji wote ule, na shoti bado imo.

Mwezi uliopita nilikuwa na huyu dada kwenye lifti, tunapeleka mapazia kwa mteja, maana siku hizi anashona. Akaingia kaka mmoja, mpole tu, katusalimia vizuri. Marashi yake yakajaa mle ndani. Mwenzangu akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Tulikuwa tunaenda ghorofa ya saba, tukashukia ya tatu, tukapanda ngazi na mabegi yetu. Hakusema kitu, nami sikuuliza.

Ndio maana nawashangaa mnaomwandikia "ulishapona, rudi kwenye geimu". Hata kipepeo akitoka haruki hapo hapo. Mabawa yanakuwa yamekunjamana, yana majimaji, inabidi aning'inie ayasukumie maji ya mwili mpaka yanyooke, kisha asubiri yakauke. Akidondoka kabla yanaweza kukauka yakiwa yamepinda, na kuruka ndio basi tena. Na nyie mnamtingishia tawi.

Jumapili kanitumia video fupi. Yuko uani kwa shangazi, cherehani inalia, anaimba kwa sauti kabisa. Chini kaandika: usiposti.

Sijaposti.